The Icon au A House Built on Sand?

Tokeni za stima zikibaki za misheni moja tu, cheza The Icon. Hizi mbili ni misheni za ziada za Hitman, mchezo wa video wa muuaji wa kukodiwa, na zilitoka pamoja Julai 2016. The Icon iko Sapienza, mji wa kubuni wa Italia: uwanja wa mji umegeuzwa seti ya filamu, nawe unamwinda Dino Bosco, mwigizaji na mwongozaji mwenye majivuno. Unamuua kwa mitambo ya filamu yake mwenyewe, na watu wanaona ni ajali. Jana kwetu Umoja tulicheka hadi padi ya kuchezea ikaanguka.

A House Built on Sand ni Marrakesh, usiku, walengwa wawili: Kong Tuo-Kwang na Matthieu Mendola. Soko limejaa kama Gikomba marobota yakifunguliwa. Ukisubiri wakutane, utamu upo, lakini si kicheko.