TAHADHARI: Dawa ya waridi isiyo na lebo inayouzwa Malindi

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Malindi, na nyinyi wa Mambrui na Watamu pia, maana muuzaji huyu ana pikipiki na hakai mahali pamoja.

Kuna kijana anapita mitaani akiuza dawa ya kupulizia miwaridi kwenye chupa za maji ya kunywa, za lita moja. Bei yake shilingi 1,200. Msinunue. Mimi nilinunua, na miwaridi yangu 14 imeungua.

Tangu masika yaanze, majani ya chini yalikuwa yakitoka madoa meusi ya mviringo, kingo zake zimetambaa kama wino ulioanguka kwenye kitambaa. Jani likishapata doa hugeuka manjano, halafu linapukutika. Machipukizi nayo yalishika unga mweupe. Kijana akasimama mlangoni, akapiga hodi, akaniambia: "Mama, hii inatoka Uholanzi, ndiyo wanayotumia mashamba ya maua Naivasha. Madoa, unga, kutu, wadudu, yote inamaliza. Siku tatu majani yanarudi kijani." Nikamuuliza, mwanangu, mbona chupa haina karatasi? Akasema imebanduka kwa maji. Miwaridi ile nimeilea miaka sita na nilikuwa naiona inakufa mbele ya macho yangu, basi nikamtumia pesa kwa M-Pesa palepale.

Nilipulizia jioni. Maji yale yalikuwa na harufu kali ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na ukitikisa chupa yanatoa povu. Kesho yake majani yalikuwa ya kahawia, yamejikunja, na vikonyo vya maua vimelegea. Nampigia simu, hapatikani mpaka leo.

Chupa nilimpelekea bwana shamba. Akaniambia jambo ambalo nataka kila mmoja wenu alishike: jani lililokwisha kutoka doa halirudi kijani kwa dawa yoyote. Madoa haya ni ugonjwa wa ukungu, na dawa ya ukungu kazi yake kubwa ni kulinda jani ambalo bado ni zima. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba madoa yatafutika kwa siku tatu, ameshakudanganya kabla hujafungua mkoba.

Na wala hasara ya miti siyo inayoniuma zaidi. Waridi letu sisi halikai kwenye jagi tu. Linaingia kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani, linalala kifuani, linatiwa nyweleni, linamwagwa kitandani kwa bibi harusi. Nilikuwa na oda ya harusi ya Ijumaa ile. Nilikata maua yote nikayatupa, nikampigia mama wa bibi harusi na kumrudishia arubuni yake yote, kwa sababu sikujua nimepulizia nini, na sikuweza kumvisha mtoto wa mwenzangu sumu nisiyoijua jina.

Dawa yoyote ya mimea inayouzwa Kenya lazima iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, na namba ya usajili iwe imeandikwa kwenye lebo. Tazama pia jina la kiungo chake, kipimo cha maji, tarehe ya kuisha nguvu, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kifuniko kiwe hakijafunguliwa. Dawa iliyohamishwa kwenye chupa nyingine, hata muuzaji akiapa, iache. Nunua kwenye duka la agroveti lenye leseni na udai risiti.

Kwa madoa meusi nimeelekezwa dawa za shaba au mankozebu, na kwa unga mweupe salfa. Lakini salfa na joto letu havipatani: joto likipita nyuzi 30, salfa huunguza majani, kwa hiyo Februari na Machi mimi siigusi kabisa. Vaa glavu na kitambaa cha kuziba pua, na usipulizie upepo ukivuma.

Mengi yanazuilika bila hata senti. Vijidudu vya madoa meusi vinahitaji jani libaki na maji kwa muda wa saa saba hivi ndipo viingie, nami kumbe nilikuwa namwagilia magharibi, juu ya majani, usiku kucha yamelowa! Sasa namwagilia asubuhi, shinani. Majani yaliyoanguka nayaokota kila siku na kuyachoma, kwa sababu ugonjwa unakaa humo na mvua ikipiga chini unarukia tena juu. Matawi ya katikati nimeyapunguza upepo upite, na mkasi naufuta kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Ule unga mweupe wenyewe hauhitaji jani kulowa, unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu, kwa hiyo kwake nafasi na hewa ndiyo kinga kubwa. Miti tisa imeanza kuchipua.

Kama mmeshauziwa chupa hii, msiipulizie, wala msiimwage karibu na kisima. Ifungeni vizuri, iwekeni mbali na watoto, andikeni siku mliyonunua na mhifadhi ujumbe wa malipo, kisha mpelekeeni bwana shamba au polisi. Yangu iko kwa bwana shamba tayari, na ushahidi wa watu wawili watatu utampa nguvu ya kulifuatilia.