Mfuko wa kuhifadhia bodi: angalia mdomo kabla ya yote

Ujumbe ninaoletewa na mafundi wa Tanga, Mtwara na Zanzibar siku hizi unafanana. Bodi ya akiba ya TV, mara nyingi pawa saplai, ilinunuliwa nzima, ikawekwa kabatini ndani ya mfuko wa rangi ya fedha. Ilipokuja kutolewa, haiwaki, au miguu ya vipuri imeota kutu ya kijani. Wote wananiuliza wanunue mfuko gani. Sitagusa ukubwa wala unene, hayo mnayajua. Nataka tuuangalie mdomo wa mfuko, maana hapo ndipo bodi nyingi zinapoponzeka.

Mfuko hukinga umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini na kwenye nguo, ukiwa umeizunguka bodi pande zote. Mdomo ukiachwa wazi, kinga haipo tena. Na umeme huu hauna hodi: kidole chako huanza kuusikia ukifika takriban volti 3000, ilhali kuna aisii (vile vipande vidogo vyeusi vya kwenye bodi) zinazoumia hata chini ya volti 100. Unaweza kuiua bodi na usijue.

Kwetu pwani kuna adui wa pili, unyevu, na huyu ndiye anayepita kwenye zipu. Wauzaji wanaisifia sana zipu. Chukua mfuko wa zipu, uujaze hewa, ufunge vizuri, kisha uuzamishe kwenye beseni la maji na uubane taratibu. Tazama pembe mbili za mwisho wa zipu, pale plastiki ilipobanwa kuungana na ubavu wa mfuko. Mara nyingi mapovu yanatokea hapo hapo. Panapotoka hewa, mvuke wa masika unaingia, na bodi ikikaa miezi humo unajua kitakachofuata.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni mfuko mzito wa kuzuia unyevu, usioonyesha ndani, usio na zipu: Dri-Shield wa kampuni ya SCS. Napendelea SCS na sifichi. Ndiyo biashara iliyokuwa chini ya 3M hadi ilipouzwa kwa Desco mwaka 2015, na karatasi zake za vipimo zinapatikana, unasoma mwenyewe badala ya kuamini maneno ya dukani. Mdomo wake unazibwa kwa joto. Mashine ya kuzibia ni ile ile wanayotumia wauza karanga na unga wa lishe. Ijaribu kwanza kwenye kipande, kwa kuwa mfuko huu unahitaji joto zaidi ya nailoni ya karanga. Ziba, poza, kisha jaribu kuuachanisha mshono kwa kucha. Mshono ukiachia, rudia. Ndani weka kifuko cha silika jeli cha kunyonya unyevu, na kadi ya kupimia unyevu. Madoa ya bluu ya kadi yakigeuka waridi, unyevu umeshaingia.

Namba mbili ni mfuko wa rangi ya fedha unaoonyesha ndani, wa SCS pia. Huu ni wa kubebea bodi kwenda kwa mteja au kuiweka siku chache, kwa sababu unakinga umeme tuli lakini unyevu hauuzuii vya kutosha. Kunja mdomo mara mbili, bandika stika. Ukinunua wa kampuni nyingine, uliza kama umepimwa kwa ANSI/ESD S541, kiwango cha Marekani cha vifungashio vya kukinga umeme tuli: ukipigwa volti 1000, nishati inayoingia ndani isifike nanojuli 20 (nanojuli ni kipimo cha nishati ndogo mno).

Mfuko mweusi wa kaboni unapitisha umeme, kwa hiyo mazabodi (bodi kuu) yenye betri isiingie humo. Ule wa waridi hauzalishi umeme tuli wenyewe, ila haukingi unaotoka nje, na dawa yake huisha. Ni wa skrubu.

Sasa wauzaji. Kariakoo nimeona mifuko iliyovuliwa kwenye hadi diski kuukuu ikinyooshwa kwa kiganja na kuuzwa kama mipya. Uinue kwenye mwanga: mistari myeupe ya mikunjo ndiyo sehemu ambazo tabaka la chuma limekatika. Wengine wanabana risiti kwa pini ya stepla juu ya mfuko wenye bodi ndani, yaani wanautoboa mbele yako, na ukilalamika unaambiwa dada unasumbua. Wengine wanakulazia bodi juu ya mfuko, kwa nje, wakidhani wameikinga. Kinachoniuma zaidi ni bei ya mmoja mmoja. Mfuko unatoka kiwandani kwenye pakiti ya 100, lakini fundi wa Mtwara anauziwa mmoja kwa bei inayomfanya arudi kwenye nailoni ya sukari. Mafundi wa mtaa mmoja changeni mnunue pakiti nzima, ikiwa imefungwa, na risiti ipewe mkononi.