Mafuta ya kupaka kwa mama mwenye mimba, kiangazi cha Lubumbashi: yapi ununue kwanza

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi hapa Lubumbashi inapasua hata midomo ya watoto. Mwenye mimba huumia zaidi: tumbo linavutika, mapaja yanawasha, miguu inakuwa myeupe kama imepakwa pemba, ule udongo mweupe. Ukipita soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na tumbo lako, kila meza ina dawa yako. Nimebeba mimba mbili katika kiangazi, na pesa nilizomaliza kwenye mikebe mizuri zingetosha vaselini ya miaka. Dada, nunua kwa mpangilio huu.

Ya kwanza: vaselini nyeupe isiyo na manukato. Ni rahisi kuipata, ni ya bei ndogo, na haipenyi ngozi kiasi cha kumfikia mtoto. Wanaosema haiwasaidii, wengi wanaipaka vibaya. Vaselini haileti maji kwenye ngozi, inazuia tu yaliyomo yasitoke. Ukiipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, inafunika ukavu. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, usikae kwenye maji ya moto hata kama baridi inakushawishi. Jikaushe kwa kugusagusa kitambaa, usijisugue. Unyevu ukiwa bado upo, chota vaselini ya ukubwa wa punje ya karanga, isugue viganjani mpaka ilainike, ndipo uipitishe mguuni kutoka goti kwenda chini. Mguu wa pili, punje nyingine. Tumbo, vivyo hivyo.

Jambo moja tu la kuangalia: nguo na mashuka yaliyolowa vaselini hushika moto haraka. Usikae umeinamia mbabula, jiko la makaa, ukiwa na kitenge ulichojifunga juu ya mafuta, na kifue mara kwa mara. Hiyo mbabula yenyewe isiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto. Moshi wake usioonekana unaua mama, na mtoto tumboni huumizwa nao hata pale mama anapopona.

Ya pili: siagi ya karité (shea). Hii ndiyo ninayoipenda mimi mwenyewe, maana inalainisha na pia inafunika. Ila inatoka mbali, Afrika Magharibi au kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo inauzwa ghali na wengine wanaichanganya na vitu. Omba kuijaribu kwa kidole kabla ya kulipa. Ile halisi ina rangi ya maziwa au njano hafifu, inanukia kokwa na moshi kidogo, na ukiishika kati ya vidole viwili inayeyuka kwa joto lako. Kama inanukia waridi, manukato yameongezwa, na manukato ndiyo yanayowasha ngozi iliyopasuka. Iache.

Ya tatu: krimu ya famasi yenye gliserini au urea, vitu vinavyoshika maji kwenye ngozi. Kwa visigino vilivyochanika hii inazishinda zote mbili za juu. Urea ya asilimia 5 hadi 10 inafaa kwa mwenye mimba. Kwenye vidonda itauma, hivyo subiri vifunge. Gliserini tupu ya kichupa usiipake peke yake, ichanganye na maji kidogo.

Mafuta ya nazi na ya kokwa za mchikichi yanakuja baada ya hapo. Si mabaya, lakini yanafunika kidogo kuliko vaselini. Krimu za kuzuia michirizi ya tumbo sitaziweka popote kwenye orodha: hakuna iliyothibitika kuizuia, na bei yake inakera. Sabuni nayo ihesabu. Ile ya kufulia, na zile za kuua vijidudu, zinakwangua mafuta ya ngozi. Chukua laini isiyo na harufu, na uitumie kwapani, sehemu za chini na miguuni tu.

Sasa yale ambayo usinunue hata ukipewa bure. Katika mimba ya pili, muuzaji mmoja alinipa tyubu ndogo, akaapa kwamba "inatoa ukavu kwa siku tatu". Nyumbani niliisogeza dirishani, na kwenye ukingo, kwa herufi za kama mchwa, iliandikwa *propionate de clobétasol 0,05 %*. Hiyo ni dawa kali ya steroidi, ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu inafanya ngozi iwe nyembamba, na wenye mimba wanaoitumia kwa wingi wako katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa hiyo soma kifurushi, au mpe kijana wa nyumbani akusomee: *clobétasol, bétaméthasone, hydroquinone, mercure, rétinol, trétinoïne*. Hydroquinone iko kwenye krimu nyingi za kujichubua, na zaidi ya theluthi ya inayopakwa inaweza kuingia mwilini. Zebaki (*mercure*) inavuka kondo na kudhuru ubongo wa mtoto. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa kuhusu zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni, na tangu 2025 unakataza vyote vilivyotiwa zebaki, lakini mezani bado vipo. Mkebe usio na maandishi yoyote, uliojazwa kutoka kwenye ndoo, uhesabu kuwa una vyote. Steroidi hafifu uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya ukurutu ni jambo jingine: usiitupe, muulize yeye.

Na usinunue chochote kama unawashwa viganjani na kwenye nyayo bila vipele, hasa usiku, katika miezi ya mwisho. Huo huenda si ukavu, ni ini linalosumbuka, na mtoto anaweza kuwa hatarini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe yako ya kliniki, na uwaambie wazi kwamba ni viganja na nyayo, ili wakupime damu kuangalia ini.