Skuli ya masista, mwaka wa pili sasa: maoni ya mzazi

Watu wananiuliza sana kuhusu skuli ya masista anayosoma mwanangu, khasa kwa vile sie Waislamu, basi naandika yote. Jina sitaji maana nna lawama pia.

Mwanangu kaingia pale darasa la pili hajui hata kuunga silabi, alikotoka walishamkatia tamaa wanamkalisha nyuma tu. Hapa sista mmoja akawa anamchukua kila mapumziko, wanakaa barazani na kitabu, siku nyengine hawamalizi hata ukurasa, akaendelea hivohivo Ramadhani ikaingia ikatoka, na hakunidai hata shilingi ya tuisheni. Nilipokwenda kumshukuru akanambia hiyo ndo kazi yao, wanaojua kusoma hawamhitaji sana. Nililia palepale ofisini.

Dini hawafichi, msalaba uko ukutani na asubuhi wanasali. Wetu hawalazimishwi, kipindi cha dini wana darasa lao, Ijumaa wanatoka mapema, jioni mwanangu anakwenda chuoni kusoma Kurani kama wenziwe wa mtaani. Kwenye kikao cha wazazi padri alitusomea tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, la mwaka 1965 kuhusu elimu, Gravissimum Educationis, linasema mzazi ndo mwalimu wa kwanza, halafu linataka skuli zao ziwaangalie maskini, waliokosa malezi ya familia, na wasiokuwa na imani yao. Kumbe sie tumo tokea kwenye maandishi! Na hapa Unguja si jambo la jana, mapadri wa Kifaransa walipofika miaka ya 1860, kabla hata ya kanisa la Minara Miwili kujengwa, walianza na watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha na kazi za mikono.

Ndo maana mwaka huu nimeumia. Bango la getini sasa linasema ufaulu tu, ufaulu tu, na kuandikisha mtoto kuna intavyuu. Mtoto wa jirani yangu karejeshwa, kisa hajui kusoma. Jamani, si ndo alivokuwa mwanangu? Skuli ikichagua wanaojua tayari itatafautiana nini na hizo nyengine za kulipia, msalaba ukutani peke yake? Ada ni kubwa kidogo lakini hiyo navumilia, hili la intavyuu nimeshalipeleka kwenye kamati ya wazazi.

Nawapa nyota 4. Ya tano naizuia kwanza, siku mtoto wa jirani akipokelewa narudi kuiongeza.