Wiski ipi ununue? Achana na rangi kwanza

"Dada, nimeuziwa wiski iliyokolea rangi kweli, nikaambiwa ni ya miaka mingi, kumbe haina lolote." Jumbe za namna hii zimenijaa kwenye simu tangu sikukuu ziishe. Ladha kila mtu na ulimi wake. Leo nasema rangi tu.

Sheria ya Uskoti inataka wiski ikae kwenye pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi, na kilevi kisipungue asilimia 40. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kutia karameli, rangi ya sukari iliyounguzwa iitwayo E150a, ili chupa zifanane. Basi wiski changa inatoka kiwandani imeiva kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ujerumani lebo lazima iseme kwamba imetiwa rangi. Sisi tunabahatisha.

Ndiyo maana namba moja wangu ni bourbon, wiski ya Kimarekani, tena Maker's Mark, na upendeleo huu siufichi. Marekani hawaruhusu bourbon kutiwa rangi: mahindi yasipungue asilimia 51, pipa liwe jipya na lichomwe ndani, na wekundu wote utoke kwenye mti huo. Hawa Maker's Mark wa Kentucky huongeza ngano, kwa hiyo haikwaruzi koo. Ile nta nyekundu shingoni ni mbwembwe, lakini naipenda.

Ya pili ni Bunnahabhain 12 ya kisiwa cha Islay, Uskoti. Ni kimea cha shayiri kitupu, kiwanda kimoja, kilevi asilimia 46.3, na haitiwi rangi. Wanaoogopa ile ladha ya moshi ya wiski nyingi za Islay waanzie hapa, mradi mfuko unaruhusu.

Jameson ya Ireland hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, mara tatu; ni laini, mpe mgeni. Johnnie Walker Black ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine, na ile 12 kwenye lebo ni miaka ya iliyo changa kuliko zote humo ndani.

Za bei ya chini? Lebo ikisema "ladha ya wiski", hiyo si wiski. Tuendelee.

Wauzaji ndio wananichosha. Chupa haina bei, anakutazama viatu kwanza, kisha anaiinua kwenye taa: "Cheki rangi hiyo, madam!" Hapohapo bei imepanda. Mimi humwambia anionyeshe umri ulipoandikwa kwenye lebo. Akianza kuzunguka, abaki na chupa yake.