Kipoza kipya, nyuzi 90 zilezile: tathmini ya kipoza cha minara miwili

Jina la kipoza chenyewe, kifaa cha kuipunguzia joto prosesa ya kompyuta, silitaji, maana kasoro niliyokutana nayo huenda ni ya boksi langu tu. Ni kile cha minara miwili, feni mbili za milimita 120, mirija sita ya shaba inayopenya mabati membamba ya alumini. Ukikishika mkononi unaridhika. Nilikifunga juu ya Ryzen 7 5800X, prosesa ambayo AMD waliitoa Novemba 2020 bila kuweka kipoza chochote ndani ya boksi, kwa hiyo anayeinunua lazima ajitafutie. Nikawasha Cinebench, programu ya majaribio inayoipa prosesa mzigo kamili. Sekunde chache, HWiNFO, programu ya kusoma joto na wati, ikasoma nyuzijoto 90 na kubaki hapo.

Kwa 5800X, 90 ndiyo dari. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isijidhuru, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Lakini mtu hanunui kipoza cha ukubwa huo ili agote darini.

Wengi wakiona namba kama hiyo hukimbilia kubadilisha pesti, ile dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite. Mimi huangalia kwanza joto limepandaje. Likiruka kutoka 45 hadi 90 mara tu mzigo unapoanza, tatizo liko pale chuma kinapogusana na chuma, au prosesa inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Likipanda polepole kwa dakika kumi, kumi na tano, hapo shaka iende kwenye hewa: feni au kasha. Langu liliruka. Nikagusa mirija kwa tahadhari karibu na kitako: vuguvugu. Prosesa inalia 90, mirija vuguvugu! Joto halikuwa linafika kwenye kipoza ipasavyo, na feni ungeziongezea kasi hadi zipige kelele kama unavyotaka, zisingesaidia kitu.

Kabla ya kufungua chochote niliangalia wati. AMD wameiwekea 5800X kikomo cha wati 142, ingawa kwenye boksi utasoma 105. Madabodi yangu ilikuwa imewasha PBO, ule mpangilio unaoruhusu prosesa kuvuka kikomo hicho, na usomaji ulikuwa unapita 150. Nikaizima ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe. Wati zikatulia kwenye 142, kelele ya feni ikapungua kidogo, na joto likaendelea kugusa 90. Sasa nilikuwa na sababu ya kushika bisibisi.

Angalizo kwa wenye soketi ya AM4, kiota ambamo prosesa hii inakaa: usikivute kipoza juu kikiwa baridi. Pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na pesti ikishika inaweza kuichomoa prosesa pamoja na kipoza hata kama kile kijiti cha soketi kimefungwa. Ipashe moto kompyuta kwa kazi nzito kidogo, zima, chomoa umeme, kisha kizungushe kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie.

Pesti ndiyo iliyotoa siri. Upande mmoja wa kitako ilikuwa imekandamizwa mpaka shaba inaonekana kwa chini. Upande wa pili ilikuwa nene, nyeupe, na alama zangu za kuipaka zikiwa bado zinaonekana. Ile karatasi ya plastiki ya kitakoni ilishatolewa, skrubu zote zilikuwa zimefika mwisho, springi zimebanwa. Nikautoa upau unaokibana kipoza na kuulaza juu ya kioo. Ukacheza. Ulikuwa umepinda kutoka kiwandani, kwa kiasi ambacho jicho haligundui ukiwa umeushika hewani.

Kwenye prosesa nyingine upinde huo ungeweza kupita bila kugundulika. Kwenye 5800X haupiti, kwa sababu viini vyake 8 vyote, zile sehemu zinazofanya kazi, vimo katika kipande kimoja cha silikoni cha milimita za mraba 80 hivi, kama ukucha wa kidole kidogo, na kipande hicho hakikai katikati chini ya kifuniko cha chuma cha prosesa, kimesogezwa upande. Ryzen 9 5900X ina kikomo kilekile cha wati 142, ila inaugawa mzigo kwa vipande viwili. Ndiyo maana ndugu yake mkubwa mara nyingi hupoa kirahisi zaidi. Na upande uliolegea kwangu ulikuwa palepale kwenye silikoni.

Muuzaji alinitumia upau mwingine bila ubishi, nampa alama zake. Kwa wati 142 zilezile joto likashuka hadi 82, na mirija ikawa ya moto kweli, inavyotakiwa. Baadaye nikaweka kikomo cha wati 110 mwenyewe: 71, na alama za Cinebench zikapungua kwa kiasi ambacho katika kazi zangu za kuhariri video sikihisi. Nimeiacha hapo.

Kasha nililipima kwa njia ya kivivu: kucheza gemu paneli ya pembeni ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Tofauti ilikuwa nyuzi 5. Mbele ya kasha langu ni kioo kitupu chenye mianya myembamba pembeni, na hewa moto ya kadi ya picha haina pa kwenda ila kupitia kwenye kipoza. Hilo si kosa la kipoza.

Na wale wanaojisifu kuwa kwao inasoma 65, waulizeni chumba chao kina nyuzi ngapi. Kipoza cha hewa hakiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Cha kulinganisha ni tofauti kati ya joto la prosesa na la chumba, kwa wati zilezile.

Malalamiko mengine ni madogo. Vishikizo vya waya vya feni vinakata vidole. Feni ya mbele inafunika nafasi ya kwanza ya RAM, kwa hiyo mwenye RAM ndefu itabidi aipandishe feni na kuhakikisha kasha bado linafungika. Kijitabu cha maelekezo ni picha ndogo ndogo, na vibomba vya plastiki vya kufungia kipoza kwenye prosesa za AMD na za Intel vinafanana rangi, vinatofautiana urefu tu. Vipime kabla ya kukaza. Bisibisi ndefu waliyoitia ndani ya boksi, kwa upande mwingine, ni nzuri kuliko niliyokuwa nayo.

Kwa kelele na umaliziaji, baada ya upau mpya, nakipa nyota nne kwa tano. Ila kama una 5800X na unataka iwe chini ya 70 kwa mzigo kamili bila kugusa BIOS, usinunue hiki wala kikubwa zaidi yake. Tafuta Ryzen 7 5700X: viini 8 vilevile, soketi ileile, kikomo chake wati 76. Kipoza cha mnara mmoja kitaitosha.