Tathmini ya fomu Pro Se 14: nzuri kufungulia kesi, haisemi lolote kuhusu maombi kwa jaji

Mfungwa wa Marekani asiye na wakili, anayetaka kuwashtaki askari jela au daktari wa gereza kwa kuvunja haki zake za kikatiba, ametengenezewa fomu na mahakama za shirikisho: Pro Se 14. Ni ya bure, iko uscourts.gov, na hata mahabusu wa uhamiaji wana kisanduku chao cha kuwekea alama. Ndugu aliye nje anaweza kuichapisha na kuituma kwa posta. Kusaini hawezi, anayesaini ni mwenye kesi au wakili wake tu.

Kama hati ya madai, fomu hii ni nzuri kweli. Inauliza nani, wapi, lini na alifanya nini, na inakataza kutaja vifungu vya sheria. Katazo hilo linasaidia, kwa sababu madai mengi huanguka pale mfungwa anapojaza kurasa za sheria akasahau kueleza kila mdaiwa alitenda nini. Kuwa makini na swali la kumshtaki mtu kwa cheo chake au kwa nafsi yake: mtumishi wa jimbo ukimshtaki kwa cheo peke yake, fidia ya fedha hupati. Usiruke pia sehemu ya malalamiko ya ndani. Sheria ya 1996 ya kesi za wafungwa inataka uyafikishe hadi rufaa ya mwisho ya gereza kabla ya kufungua kesi.

Kwa mfungwa aliyekubaliwa kuwa maskini ada ni dola 350, na umaskini hauifuti, unairuhusu tu ilipwe kidogo kidogo. Ambatisha fomu AO 240, ambayo ni ombi la kutolipa ada yote mwanzoni, na taarifa ya akaunti yako ya gereza ya miezi 6, iliyothibitishwa na ofisi ya gereza. Iombe mapema, maana bila taarifa hiyo ombi hukwama. Kama wastani wa fedha zinazoingia kwa mwezi ni dola 60 na salio la wastani ni dogo kuliko hapo, malipo ya kwanza ni asilimia 20, yaani dola 12. Baada ya hapo hukatwa asilimia 20 ya mapato ya mwezi uliotangulia, kila salio linapozidi dola 10.

Kasoro kubwa ni kwamba fomu inaishia kwenye kufungua kesi. Maombi yanayofuata unayaandika mwenyewe, na hapo ndipo watu wanapoumia bure. Kanuni ya 7 ya uendeshaji wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho inataka ombi liwe la maandishi, litaje sababu mahsusi na amri unayoitaka. Juu andika jina la mahakama, wahusika na namba ya kesi. Barua ya kumlilia jaji si ombi.

Ombi la kuongezewa muda lipeleke kabla tarehe haijapita, ukitaja siku unazohitaji na sababu inayopimika: kwa mfano, maktaba ya gereza ilifungwa kuanzia lini hadi lini. Ukichelewa, utalazimika pia kuthibitisha kuwa uzembe wako unasameheka, na huo ni mzigo mzito zaidi. Ombi la wakili ni gumu. Katika kesi za madai hakuna haki ya kupewa wakili. Jaji anaweza kumwomba wakili, si kumlazimisha, kama Mahakama Kuu ya Marekani ilivyoamua mwaka 1989. Kusema huna fedha hakutoshi. Onyesha, kwa mfano, kwamba kesi inahitaji ushahidi wa daktari bingwa, na ambatisha barua za mawakili waliokukatalia.

Kosa linalorudiwa sana ni kupeleka mahakamani maswali ya kumhoji mdaiwa. Hayo, yasiyozidi 25 kwa kila mdaiwa, hutumwa kwa wakili wake. Asipojibu, mwandikie kwanza, kisha ndipo uombe mahakama imlazimishe, ukiambatisha nakala ya barua hiyo.

Maelezo ya kiapo hayahitaji muhuri wa mthibitishaji; tamko la kweli chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, lenye saini na tarehe, linatosha. Andika pia siku uliyoikabidhi bahasha kwa posta ya gereza. Ukihamishwa gereza, ijulishe mahakama anwani mpya mara moja, la sivyo kesi yaweza kufutwa.

Kabla ya kujaza chochote, mwandikie karani wa mahakama ya shirikisho ya wilaya husika. Baadhi ya wilaya zinataka fomu yao ya madai badala ya hii, na baadhi zina fomu za maombi pia.